Mluzi wa Gari la Mzee Kombo

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa fupi, na ufupi wake ndio ulionitesa: ule mluzi katika gari la Mzee Kombo niliuponya, au niliunyamazisha tu? Nilijiuliza nikiwa kitandani, nikajiuliza nikipiga mswaki, nikajiuliza nikingoja chai ichemke. Kila nilipojijibu kwamba nimeuponya, jibu lenyewe lilicheza kama nati ambayo haikukazwa.

Mwalimu wangu wa zamani chuoni ameniomba niwaandikie wanafunzi wake jinsi kazi ya kutafuta kelele katika redio za magari ilivyokuwa ikifanyika siku zangu. Siku zangu zilikuwa miaka minne. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi, walioagwa kwa keki na saa ya ukutani. Mimi nina miaka ishirini na minane na sikuagwa na mtu. Lakini kazi ile niliianza, nikaifanya, nikaiacha, na siku hizi nafundisha hisabati watoto wa jirani huku natafuta nyingine. Mtu akishaacha kazi ana haki ya kuisimulia, hata kama meno yake yote bado yamo.

Siku ya kwanza niliripoti Likoni, kwenye gereji iliyokuwa kando ya barabara ya Mtongwe, nikiwa na shahada ya uhandisi wa umeme ndani ya bahasha ya plastiki. Nilikuwa nimeandika barua za maombi mwaka mzima na nusu. Sikujua kama shahada huonyeshwa kwenye gereji au hufichwa, kwa hiyo niliishika kwa namna ambayo ingeweza kuwa yote mawili.

Fundi Mkuu hakuitazama. Alikuwa mzee mwembamba, mzaliwa wa Likoni, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na mafuta ya injini kwenye kucha. Kila mtu alimwita Fundi Mkuu. Nilikaa pale miezi mitatu kabla sijalijua jina lake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanionyesha gari kuukuu lililokuwa juani.

"Ingia mle. Funga vioo vyote. Nikija utaniambia wasikia nini."

Niliingia. Ilikuwa adhuhuri na kiti kilikuwa cha moto. Nilikaa nusu saa nikifikiri: huu ni mtihani? Ni mzaha wa kumkaribisha mgeni? Amenisahau? Niteremke, au kuteremka ndiko kushindwa? Hatimaye akafungua mlango.

"Haya, msomi. Wasikia nini?"

"Redio imezimwa, Fundi."

"Sijakuuliza redio."

"Nasikia saa ya dashibodi," nikasema. "Na randa ya seremala wa jirani. Na moyo wangu."

"Huo moyo si wetu, huo upeleke hospitali. Lakini hiyo saa wengi hawaisikii. Kesho njoo mapema."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kelele katika redio ya gari zina ukoo wake, na Fundi Mkuu alinifundisha kuzitambua kama watu wanavyotambuana kwa sura za wazazi. Ukisikia mluzi mwembamba unaopanda dereva anapokanyaga mafuta na kushuka anapoachilia, baba yake ni alteneta, yaani kile chombo kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri. Ukisikia tiki-tiki inayoongeza kasi pamoja na injini, hiyo inatoka kwenye plagi zinazowasha mafuta. Mvumo usiobadilika, ambao upo hata injini ikiwa imezimwa, usisumbuke nao mbele. Mara nyingi unatoka kwenye amplifaya yenyewe, kile kisanduku cha kukuza sauti ambacho watu hukificha ndani ya buti.

Na utaratibu ulikuwa mmoja: toa kimoja, sikiliza. Unazima injini, unasikiliza. Unachomoa waya wa sauti unaotoka kwenye redio kwenda kwa amplifaya, unasikiliza. Kelele ikiondoka, ilikuwa inaingia kupitia mlango huo. Ikibaki, mlango ni mwingine. Fundi Mkuu alikataza mtu kutoa vitu viwili kwa pamoja. "Ukitoa viwili ikanyamaza," alikuwa akisema, "utamshukuru yupi?"

Kwa magari yetu ya Pwani, mkosaji mara nyingi alikuwa waya wa athi. Huu ndio waya unaourudisha umeme kwenye bodi ya gari baada ya kufanya kazi yake, na kutoka kwenye bodi urudi kwa betri. Redio ina athi yake mbele, amplifaya ina athi yake nyuma. Njia hizo mbili zikiwa safi, kimya. Njia moja ikiota kutu, umeme wa alteneta hutafuta pengine pa kupita, hujipenyeza kwenye waya wa sauti, na hapo ndipo spika inapopiga mluzi. Nasi tunaishi kwenye chumvi. Gari likilala kwa miaka karibu na maji, bolti zake huliwa kimyakimya, na redio ndiyo hulia kwanza. Nilitumia msasa mwingi kuliko nilivyotumia shahada.

Kulikuwa na desturi moja pale Likoni ambayo sikuiona mahali pengine. Kazi ikiisha, mteja hakupewa ufunguo mpaka aketi ndani ya gari pamoja na fundi, vioo vimefungwa, injini inanguruma, taa zote zimewashwa, redio imepandishwa sauti bila kucheza kitu. Walisikiliza pamoja. Kisha daftari liliandikwa: kelele ilikuwa ipi, ilitoka wapi, na majina mawili chini, la fundi na la mteja. Wateja wenye haraka walilalamika. Fundi Mkuu aliwajibu kwamba sikio la fundi lina njaa ya kumaliza kazi, kwa hiyo lazima liwe na shahidi.

Jambo ambalo chuoni hawakunieleza ni kwamba kazi hii hufanywa peke yako. Mafundi wengine hufanya kazi wawili wawili: mmoja ameshika spana, mwenziwe ameshika taa, na katikati yao wana mpira wa jana wa kubishania. Msikilizaji hukaa ndani ya gari la mtu mwingine, vioo vimefungwa. Nilikuwa nawaona wenzangu wakicheka nje ya kioo, midomo inakwenda, na mimi siwezi kuingia katika kicheko hicho kwa kuwa sikukisikia kilipoanza. Nilipotoka, chakula kilikuwa kimeliwa na hadithi imekwisha. Mwanzoni waliniita. Baadaye walizoea kwamba Saumu yumo ndani, anasikiliza.

Baada ya mwaka na nusu nilihamishiwa Kisauni, kwenye tawi lililokuwa upande wa Ziwa la Ng'ombe. Kule kazi nyingi ilikuwa ya vijana wa tuktuk waliotaka besi ya kutikisa kiti, na mara mojamoja gari jipya kutoka Nyali. Mkuu wa Tawi alikuwa mama mmoja mpole aliyeamini kwamba mtu mwenye shahada hakosei. Imani hiyo ilinifanya nisilale.

Siku moja lililetwa gari zuri lenye mluzi. Nilifikiri sana kabla ya kuligusa. Niliwaza athi, nikawaza waya wa sauti kupita karibu na waya wa betri, nikawaza kompyuta ya injini. Niling'oa dashibodi. Nilikaa siku mbili na vipande vya gari la watu vimetandazwa juu ya mkeka kama nguo za kuanikwa. Siku ya tatu Fundi Mkuu alipita kutusalimia, akainama, akachomoa chaja ya simu iliyokuwa kwenye tundu la kiberiti cha gari. Mluzi ukakoma.

"Uliiona hii?" akaniuliza.

"Niliiona, Fundi. Nilidhani ni rahisi mno."

Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mwanangu, wewe hukosi akili. Wewe waanzia mlango wa mwisho ukirudi nyuma. Anza na huu wa barazani."

Hakunitajia tena kisa hicho. Lakini mimi nilijitajia kila siku, na tangu hapo nilijifunza kutoziamini hofu zangu. Hilo lilikuja kuniponza, kama nitakavyoeleza.

Mwaka wa tatu Fundi Mkuu alistaafu, akaenda Ng'ombeni kufuga mbuzi. Mimi nikapelekwa Changamwe. Nilipanga chumba kimoja Chaani, chenye dirisha linalotazama ukuta. Marafiki niliosoma nao walikuwa wamekwenda Nairobi, na mama yangu alikuwa Kwale kwa dada yangu. Simu yangu ilikuwa ikiita mara mbili kwa wiki, na mara moja kati ya hizo ni watu waliokosea namba. Jioni niliweza kusikia friji ya jirani ikianza na kuacha, nikajua ni ya aina gani na ina tatizo gani, na sikuwa na wa kumwambia.

Gereji ya Changamwe ilikuwa kubwa, na iliendeshwa na Msimamizi, mtu wa bara, mchapakazi, aliyekuja kazini kabla ya sote na kuondoka baada ya sote. Simsemi kwa ubaya. Alikuwa na wakubwa wake waliotaka magari yaingie na kutoka. Desturi ya kusikiliza pamoja hakuwa nayo, wala daftari. Nilipomweleza mara ya kwanza alinisikiliza kwa adabu.

"Saumu, customer haleti waya hapa. Analeta kelele. Kelele ikinyamaza, kazi imeisha. Sawa?"

Nikasema sawa. Nimesema sawa mara nyingi sana maishani mwangu.

Mzee Kombo aliletwa na mkewe siku ya Jumanne. Nasema aliletwa kwa kuwa, ingawa yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani, aliyeongea ni Bi Rukia. Mzee alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka mingi karibu na mashine za kukata mabati, na masikio yake hayakuwa yakichukua tena sauti nyembamba. Gari lao lilikuwa la zamani, safi, lenye vitambaa vya kudarizi juu ya viti.

"Huyu hasikii, wallahi," Bi Rukia akasema. "Mimi ndiye sikio lake. Akikanyaga mafuta, mluzi wapanda. Akiachilia, washuka. Miezi miwili sasa. Nasi Jumanne ijayo twenda Malindi, mjukuu wangu yuwaolewa, sitaki kupigiwa firimbi njia nzima."

"Asemaje?" Mzee Kombo akaniuliza.

"Anasema gari lina mluzi, Mzee," nikamwambia karibu na sikio.

"Mluzi gani? Mimi sisikii mluzi."

"Ndiyo hayo," Bi Rukia akasema.

Walikwenda kungoja kwa jamaa yao, na mimi nikaingia ndani, nikafunga vioo. Nilianza na mlango wa barazani: hakukuwa na chaja yoyote. Mluzi ulikuwa wa alteneta, wazi kabisa. Nikafungua boneti. Injini ya gari imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haigusani vizuri na bodi kwa umeme. Huunganishwa na waya mmoja bapa, mnene, wa kusuka kama mkeka. Waya huo ndio athi ya injini. Katika gari la Mzee Kombo ulikuwa umebaki nyuzi chache, na bolti yake imevimba kutu nyeupe na kijani. Nikapima kwa mita kati ya injini na betri, gari likiwa linanguruma na taa zimewashwa. Mahali ambapo mita ilipaswa kusoma karibu na sufuri, ilisoma karibu volti moja.

Nilikwenda kwa Msimamizi. Nilimweleza kwamba mluzi ni dalili tu. Nilimweleza kwamba dereva anapowasha gari, stata, ile mota ya kuamshia injini, huvuta umeme mwingi mno, na umeme huo ukikosa njia yake nene hupita popote: hata kwenye kebo ya chuma ya kanyagio la mafuta. Kebo ikipitisha umeme hupata moto. Ala yake ya plastiki huyeyuka na kuishika, na siku moja dereva anaondoa mguu na gari haliachi kukimbia.

"Umeiona hiyo kebo imeyeyuka?"

"Bado sijaifungua."

"Kwa hivyo unafikiria tu."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nafikiria tu. Ile dashibodi ya Kisauni ilinijia mbele ya macho, vipande vyote juu ya mkeka.

"Injini si yetu," Msimamizi akasema. "Sisi ni redio. Weka kichujio, mzee aende kwake."

Kichujio ni kijisanduku kidogo chenye koili ndani, kinachofungwa kwenye njia ya umeme au ya sauti ili kuzuia ule mluzi usifike kwenye spika. Kina mahali pake. Nilikifunga nyuma ya redio, nikawasha injini, nikakanyaga. Kimya kikamilifu. Bi Rukia alirudi, akasikiliza dakika moja akiwa amesimama nje ya mlango, akaniombea dua ndefu. Mzee Kombo alinipa mkono. Sikuwaambia kitu. Niliangalia gari likitoka getini, na hesabu ikaanza kichwani.

Mzee hasikii. Mkewe anasikia, ila sasa hakuna cha kusikia. Kama waya ule ungeharibika zaidi, redio ingewaambia, na redio nimeifunga mdomo. Kisha upande wa pili: lakini magari mangapi yanatembea na athi mbovu na hayajamuua mtu? Lakini mimi ndiye niliyepima. Lakini ile chaja. Lakini Malindi ni mbali, na kuna malori. Niliendelea hivyo Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nilichukua simu kumpigia Mzee Kombo nikakumbuka kwamba simu haisikii, na Bi Rukia hakuacha namba yake.

Ijumaa baada ya kazi nilimpigia Fundi Mkuu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, msomi. Wanipigia kwa heri au kwa waya?"

"Kwa waya."

Nilimweleza yote, na nilipoeleza nilirudia, na nilipomaliza kurudia niliongeza mambo ambayo huenda yangetokea. Hakunikatiza. Nilimsikia mbuzi.

"Ulisikiliza naye mteja, ndani, vioo vimefungwa?" akauliza mwishowe.

"La, Fundi."

"Alitia jina?"

"Huku hakuna daftari."

"Basi kazi hiyo hujaimaliza. Mimi wanipigia ya nini?"

"Lakini kama nimekosea kama siku ile ya chaja?"

"Siku ile ulipima?"

"Sikupima. Nilifikiri tu."

"Na hii?"

Nilimwambia mita ilivyosoma. Akasema mbuzi wake mmoja amekamatwa na kamba, akaniaga.

Jumamosi nilimwambia Msimamizi kwamba kesho yake nitakwenda kwa Mzee Kombo. Aliweka kalamu chini.

"Unaenda kumwambia tulifanya kazi mbaya?"

"Nakwenda kumwambia waya wake umeoza."

"Ulijua Jumanne?"

"Nilijua."

"Si atakuuliza mbona hukusema Jumanne?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikiliogopa kuliko yote, na alikuwa amelifikia bila taabu.

"Sikia. Nikikuruhusu, kesho kila mtu hapa atakuwa anarudi kwa customer kuomba msamaha. Ukifungua hiyo gari, Jumatatu usikuje."

Jibu zuri, lenye heshima na nguvu, nililipata nikiwa tayari nimefika nyumbani. Pale mbele yake nilisema "Sawa," na naamini alidhani nimekubali kubaki.

Jumapili asubuhi nilikuwa Chaani na mkoba wa spana begani, na waya mpya wa kusuka nilioununua Magongo. Nilijua nyumba yao iko Chaani hiyohiyo ninakoishi, nyuma ya msikiti kwa kuwa Bi Rukia alilitaja hilo mara tatu. Gari lilikuwa limeegeshwa nje, limefunikwa shuka. Nilipita mbele ya mlango. Nikaenda mpaka mwisho wa kichochoro, nikarudi, nikapita tena.

"Huyo apitaye na kurudi ni nani?" sauti ikatoka ndani. "Kama wauza sabuni, sema. Kama una shida, ingia."

Nikapiga hodi. Bi Rukia alinitambua kabla sijasema, akasema mwendo wangu ni wa mtu anayeomba radhi kwa ardhi. Mzee Kombo alikuwa ameketi na kikombe cha kahawa. Niliwaamkia, nikasema nilichokuwa nimekipanga njia nzima: kwamba siku ya Jumanne nilipotengeneza gari niliona hitilafu nyingine, nikaificha.

"Asemaje?" Mzee Kombo akamuuliza mkewe.

"Sema kwa sauti, mwanangu," Bi Rukia akaniambia. "Hajakupata."

Nikarudia kwa sauti zaidi. Akatega sikio, akatikisa kichwa.

"Zaidi."

Wasomaji wangu, mimi ni mtu ninayenong'ona hata ninapoagiza maandazi. Nilisimama katika ukumbi ule, dirisha limefunguliwa, nikapaza sauti yangu yote: "Nilikosea, Mzee! Niliona waya umeoza, sikukwambia! Niliuziba mluzi tu!" Nje, watoto waliokuwa wakicheza mpira walinyamaza. Jirani mmoja akachungulia.

Mzee Kombo aliweka kikombe chini.

"Mbona hukusema Jumanne?"

"Niliogopa kwamba nafikiria tu."

Aliinuka. "Haya," akasema. "Tukaangalie huko kufikiria."

Alilitoa shuka yeye mwenyewe. Bolti iligoma, tukaipiga mafuta, tukangoja, ikakubali. Nyuzi za waya wa zamani zilinimwagikia mkononi kama majani makavu ya chai. Kisha nikafungua kebo ya kanyagio la mafuta kwenye ncha yake ya injini na kuivuta. Haikuteleza kama inavyopaswa. Ilikwama, ikaja kidogo, ikakwama tena. Ala ya ndani ilikuwa imelainika na kugeuka rangi, na mahali pamoja imeng'ang'ania chuma.

Nilifikiri ningefurahi kuona kwamba nilikuwa sahihi. Badala yake niliketi chini, kando ya tairi.

Mzee Kombo aliichukua kebo, akaipapasa kwa vidole vyake vya kiwandani. "Hii naijua," akasema. "Umeme ukikosa njia yake hula ya jirani." Akamtazama mkewe, aliyekuwa amesimama kizingitini. Hakunilaumu, wala hakunishukuru. Alinipa kahawa.

Waya mpya wa kusuka niliufunga siku ileile, na kebo mpya ilifungwa Jumatatu na fundi wa mtaani, kijana mcheshi aliyebishana na Mzee Kombo kuhusu kila nati. Nilimshikia taa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika miaka minne kushika taa, nami niligundua kwamba hadithi ukiisikia tangu mwanzo huchekesha kweli. Ilipofika saa mbili, saa ambayo kule gereji nilipaswa kuwa nimevaa ovaroli, mikono yangu ilikuwa nyuma ya redio ya Mzee Kombo, inafungua kile kichujio. Nilikitia mfukoni.

"Sasa tuingie sote," nikasema. "Tufunge vioo."

Bi Rukia alikaa nyuma na buibui lake, Mzee kwenye usukani, mimi pembeni yake. Nikamwambia awashe injini, awashe taa, awashe feni. Nikaipandisha redio sauti, bila kucheza kitu. Mzee akakanyaga mafuta, akaachilia, akakanyaga. Joto lilipanda. Nilisikia injini, nikasikia feni, nikasikia bangili za Bi Rukia. Nilingoja mluzi kama mtu anavyongoja habari mbaya kwa simu.

"Sisikii kitu," Bi Rukia akasema.

Mzee Kombo akageuka. "Wasemaje?"

"Nasema sisikii kitu!"

"Hata mimi," akasema, na uso wake ukatanda kicheko. "Leo basi tumekuwa sawa."

Nilitoa mkobani daftari jipya, nikaandika kelele ilikuwa ipi na ilitoka wapi, nikatia jina langu. Mzee Kombo akatia lake. Bi Rukia akanyoosha mkono kutoka nyuma na kudai kalamu, akisema kwamba hilo la mumewe ni la mwenye gari tu, shahidi ni yeye. Nikampa. Majina yakawa matatu.